Upande Unaotazamwa

Kabla hajawa dobi wa hoteli, alikuwa sauti. Walimwita Tarumbeta tangu akiwa msichana, na hakulichukia jina hilo hata siku moja, maana lilikuwa jina la kusifiwa.

Milima miwili inatazamana, katikati kuna korongo. Ukitaka kwenda ng'ambo unashuka mpaka kwenye daraja la nyaya linalocheza kama bembea, halafu unaanza kupanda upya. Ukitoka asubuhi na chai tumboni, unafika jua liko utosini na chai yenyewe umeshaisahau. Sauti haina shida hiyo. Sauti inaruka.

Ila kuita kulikuwa na ufundi wake. Si kusimama mwambani na kupayuka. Herufi nyingi huangukia korongoni, zinazofika salama ni *a*, na *o*, na *e* kidogo. Ile *i* hufa njiani, maskini. Kwa hiyo watu wa kule hawakuitana "subiri", waliitana "kaaa". Hawakusema "mgonjwa", walisema "njooo", na aliyeitwa alijua mwenyewe ni kwa nini. Kijana mmoja aliwahi kusimama mwambani akamwita binti wa ng'ambo "nakupenda" bila kuomba msaada wa mwenye kujua. Kilichofika kwa baba wa binti ni "enda, enda". Mzee akajibu kwa hasira, "Enda wewe!" Bonde zima likacheka, na kijana akalazimika kuja kwa Tarumbeta na kikapu cha viazi, amfanyie upya.

Na msiba ulikuwa na mwito wake. *O* moja ndefu inayoanzia juu na kushuka taratibu mpaka pumzi iishe. Ukiisikia hiyo, unaweka chini ulichoshika.

Miaka hiyo pande zote mbili zilikuwa na dhiki moja. Viazi, mbuzi, baridi, na bati linalopiga kelele kwa upepo. Ukiwa huna na jirani yako hana, mnalala usingizi uleule. Halafu ikaja barabara.

Ilipanda upande huu, kwa sababu upande huu una bega la kuilaza. Umeme ukafuata barabara, mnara wa simu ukafuata umeme, zahanati ikafuata mnara, wote nyuma nyuma kama vifaranga na mama yao. Kuku mwenyewe akakomea kwenye geti la hoteli. Mnara uliwekwa nyuma ya hoteli, ukaitazama barabara na kuipa ng'ambo kisogo. Hata ukipanda na simu yako juu ya paa la zizi, kule hupati kitu.

Watu wa ng'ambo walituma wajumbe kuomba barabara nao. Meneja wa hoteli, kijana mpole mwenye sweta safi, aliwakaribisha vizuri, akawapa viti na soda.

"Barabara itauchubua mlima, wazee wangu," alisema. "Wageni wanakuja kuuona ukiwa mzima. Sisi huku tunatazama, nyie ndio mnaotazamwa. Nyie ndio mandhari yetu."

Walitoka pale hawajui kama wamesifiwa au wametukanwa. Walimwomba Tarumbeta awapelekee wenzao majibu kwa sauti. Alisimama mwambani, akatafuta neno litakalofika, akaita, "Hapanaaa." Ndiyo kazi ya mwisho aliyopewa na watu wake.

Wakati huo alikuwa ameshahamia upande huu. Baba wa mtoto wake aliendesha lori la saruji hoteli ilipokuwa inajengwa. Saruji ilipoisha, na yeye akaisha. Alimwachia mimba, tochi, na ahadi ya kutuma nauli. Mtoto alipozaliwa, wa kike, Tarumbeta alipata kazi ya udobi hotelini na chumba nyuma ya matangi ya maji. Chumba chenye taa, ukibonyeza inawaka. Mama yake alibaki ng'ambo na mbuzi wake na kifua chake kibovu.

Hoteli ile ilikuwa inauza kimya. Si utani, ndivyo ilivyoandikwa kwenye ubao wa geti: karibu kwenye kimya cha mlima. Wapishi walivaa raba. Milango ilibandikwa vipande vya sponji. Na asubuhi moja Tarumbeta akiwa anaanika shuka, sauti ya mama yake ikaruka korongo kama zamani.

"Mbuzi kazaaa!"

Mdomo wake ulijibu kabla ya akili. "Wangaaapi?"

Vijiko vyote barazani vilinyamaza. Meneja alikuja nyuma ya kamba za nguo akitabasamu, mikono mgongoni.

"Dada, ndiyo wewe?"

"Samahani, bosi. Ni mazoea."

"Mara ya kwanza nacheka," alisema. "Ya pili sicheki."

Tangu siku hiyo alifanya kazi na vibanio vya nguo mdomoni, vitatu vinne kwa mara moja, ili mdomo usijibu wenyewe. Mama Mapacha, dobi mwenzake, mwanamke mnene asiyeishiwa na maneno, alimcheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga, wengine wanatia kufuli mlangoni, wewe umelivaa usoni."

"Cheka tu. Wewe mama yako yuko bafuni kwako anaoga maji ya moto."

"Na ananimalizia sabuni! Ukimtaka nakupa, bure kabisa."

Hata mtoto aliingia kwenye kimya kile. Alijifunza kusema akiwa katikati ya watu wanaonong'ona, kwa hiyo na yeye alinong'ona. Njaa alinong'ona, kuumwa alinong'ona. Wafanyakazi walimwona ana adabu. Mama yake alikuwa akimtazama, anamwinamia amwekee sikio mdomoni, na kitu kinamkata ndani. Mtoto wa Tarumbeta, huyo.

Alipopata ruhusa alishuka na kupanda mpaka kwa mama yake, wakapatana alama. Mama alikuwa na blanketi jekundu la zamani, limefifia kama tofali la kale. Akizidiwa na kifua, alitundike kwenye uzio wa mbele. Blanketi maana yake njoo. Na Tarumbeta akiliona, atachukua shuka moja nyeupe, aipunge juu ya kichwa mara tatu. Shuka maana yake nimeona, nakuja.

"Tumekuwa mabubu na wewe, mwanangu," mama alisema. "Tunaongea kwa matambara."

"Bora matambara, mama, kuliko kukosa."

Na alama ilifanya kazi. Msimu wa ukungu mkali blanketi lilitokea. Tarumbeta alipunga shuka, akaomba ruhusa huku ameshavua aproni, akachukua dawa ya kifua zahanati, akaenda karibu mbio. Alimkuta mama amekaa kitandani, mabega juu, anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Lakini usoni ametulia.

"Niliona shuka," mama alisema alipopata pumzi ya kusemea. "Nikajiambia, hana haja ya kufa mtu ambaye mwanawe yuko njiani."

Wangebaki hivyo, pengine, miaka. Ila siku ileile kulikuwa na mgeni barazani, mpiga picha, naye aliliona blanketi. Doa moja jekundu, mlima wote wa kijivu, ukungu umeushika kiunoni. Akapiga. Picha ikapendwa huko ilikopelekwa, na wageni waliofuata wakawa wanafika, wanaweka mizigo chini, wanaanza kuuliza: ile nyekundu iko wapi?

Meneja hakuwa mtu wa kuacha swali la mgeni lining'inie. Alileta marobota ya kitambaa, chekundu tupu, cha kung'aa. Kila nyumba ya ng'ambo itundike kipande uzioni kila Jumamosi wageni wengi wanapofika, na kila nyumba itapewa mche wa sabuni. Tarumbeta alipoyaona marobota hayo mlangoni pa chumba cha kufulia, alimfuata Meneja.

"Bosi," alisema, "isiwe nyekundu."

"Kwa nini?"

"Nyekundu ni ya mama yangu. Akitundika nyekundu ndiyo ananiita. Anaumwa kifua."

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Huyo mtu alikuwa anajua kusikiliza, na hilo ndilo lililokuwa linauma zaidi. "Pole sana, dada. Lakini picha ni nyekundu. Siwezi kuwaambia wageni picha imegeuka rangi. Mama yako si anaweza kuwa na alama nyingine? Ya njano, labda?"

"Njano kwenye ukungu haionekani."

"Basi mtaangalia wenyewe, nyie mnaujua mlima." Halafu akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Kwa sababu unawajua wale, wewe ndiye utawapelekea vitambaa. Hiyo siku nitaihesabu umefanya kazi."

Tarumbeta akavibeba mgongoni mwenyewe, vile vitambaa vilivyokuja kumzibia mama yake mdomo. Mtoto alikuwa mbele kifuani, vitambaa nyuma. Watu wa ng'ambo walivipokea kwa kicheko. Jirani wa mama, mzee aliyeitwa Mwenye Punda ingawa punda wake alikufa zamani, alijifunga chake kiunoni na kujitingisha.

"Leo tumekumbukwa! Tuliomba barabara, tumeletewa shanga!"

"Si shanga, mzee, ni pazia," mke wake alimjibu kutoka jikoni. "Wamechoka kutuona, wanataka kutufunika."

"Basi wangeleta kubwa, hili halifuniki hata aibu yangu."

Viazi vilikuwa vimelundikwa barazani kwa Mwenye Punda, vimeanza kuota macho. Zamani wachuuzi walipanda na kununua pande zote mbili. Sasa lori lililoleta mkaa na samaki kwa hoteli lilileta na viazi kutoka tambarare, vikubwa, vimeoshwa, vinalingana kama mayai, na mchuuzi hakuona sababu ya kuvuka daraja. Tarumbeta aliyaona yale macho ya viazi. Kila siku alikuwa anakula mabaki ya viazi vya lori.

Kwa mama yake alikaa karibu na moto, mtoto kamlalia mapajani. Alieleza alama mpya. Alikuwa ameifikiria njia nzima, na ilionekana njema.

"Sasa tunageuza, mama. Kila nyumba itakuwa na nyekundu. Wewe ukiwa na shida, anua. Nikiona kwako hakuna nyekundu, nitajua."

Mama alicheka mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. "Mwanangu, mgonjwa anatundika, haanui. Mtu akizama anainua mkono. Umemwona wapi anayeushusha?"

"Ni Jumamosi tu, mama. Siku nyingine blanketi lako ni lilelile."

"Kwa hiyo Jumamosi nikiumwa nijifiche, siku nyingine nijionyeshe."

"Mama."

"Nimesikia. Nitaanua." Alimvuta mjukuu wake shavu. "Na wewe, mbona husemi? Niite nikusikie."

Mtoto alimsogelea sikioni, akanong'ona, "Bibi."

Mama alimtazama binti yake juu ya kichwa cha mtoto. Kisha akainama kuchochea moto.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa na jua la asubuhi na ukungu chini tu, kama maziwa kwenye bakuli. Nyekundu zikatoka ng'ambo moja baada ya nyingine, mlima ukawa kama umevaa vifungo. Wageni walisimama barazani na vikombe vyao, wakashusha pumzi wote pamoja. Tarumbeta hakutazama mlima wote. Alitafuta nyumba moja, akaiona. Nyekundu ipo. Moyo ukashuka mahali pake.

Ikaja Jumamosi nyingine, na nyingine. Alizoea. Binadamu anazoea haraka kitu kinachomwambia hakuna tatizo.

Jumamosi yenyewe alikuwa anaanika shuka za vyumba vya juu. Mtoto alikuwa amekaa ndani ya kapu la nguo, anacheza na vibanio. Ng'ambo kulikuwa kumeshajaa nyekundu. Tarumbeta alitazama kwa mama yake akaona nyekundu mbili: kitambaa cha hoteli kinachong'aa, na pembeni yake ile ya zamani, rangi ya tofali.

Alitabasamu na vibanio vyake mdomoni. Aliona mama yake amezidisha bidii. Amesikia hoteli inapenda nyekundu, akaongeza na ya kwake, binti yake asifiwe kazini. Ndivyo alivyokuwa, mama huyo, ukimwomba chumvi anakupa na kijiko. Na Tarumbeta alikuwa anatafuta nyekundu iliyokosekana. Nyekundu iliyozidi hawakuwa wameipa maana yoyote.

Mtoto alinyoosha kidole. "Bibi mbili," alinong'ona.

"Ndiyo, mama. Bibi ametuwekea mbili." Alikuwa ameshatoa vibanio mdomoni, akambusu utosini. "Tumpungie Bibi?"

Akachukua shuka nyeupe iliyokuwa mikononi, yenye maji bado, akaipunga juu. Mtoto akafurahi, akaomba tena. Akaipunga tena. Na tena. Mama Mapacha aliwatazama kutoka kwenye pasi.

"Hao waosha mlima! Rusheni na yangu!"

Mwenye Punda alifika kesho yake adhuhuri. Alisimama nje ya geti kwa sababu mlinzi alimkatalia kwa matope ya miguuni, na Tarumbeta aliitwa. Alipomwona mzee amevua kofia, hakuhitaji kuambiwa. Aliambiwa hata hivyo, maana mzee alikuwa amelibeba lile neno njia nzima na hakujua pa kuliweka.

"Kifua kilimbana alfajiri," alisema. "Akamwambia mke wangu, nitundikie blanketi langu. Mke wangu akatundika. Mimi nikasema, mama, ngoja nishuke nikamwite mwenyewe, leo nyekundu ni nyingi. Nilikuwa nimeshafunga viatu, mwanangu. Nimeshafunga."

"Eeh."

"Akatazama huku kwenu. Akasema, usihangaike, ameshaona. Amepunga shuka. Anakuja."

Tarumbeta alishika vyuma vya geti.

"Tukakaa tukingoja," mzee alisema. "Mchana wote alikuwa anauliza, amefika darajani? Tunamwambia, yuko darajani. Jioni akauliza tena. Tukamwambia, anapanda."

Walimzika juu ya shamba la viazi. Watu walipotawanyika, Tarumbeta alikwenda kwenye uzio wa mbele, mtoto mgongoni, akatazama hoteli kutoka upande ule. Hakuwahi kuitazama hivyo tangu aanze kuifulia. Ilikuwa ndogo, nadhifu, na kando yake kamba zake mwenyewe, shuka nyeupe zikitikisika kwa upepo, zote kwa pamoja. Nimeona, nimeona, nimeona. Kutwa nzima, kila siku ya Mungu.

Blanketi lilikuwa bado uzioni. Alilishika, halafu mkono ukakataa kulianua.

Akafungua mdomo. *O* ile ilianzia juu kabisa, mahali alipodhani hapafiki tena, ikashuka, ikashuka, mpaka mtoto mgongoni akatetemeka pamoja nayo. Ikagonga mlima wa pili na kurudi. Kule hotelini, barazani, vidoa vidogo vya watu vilisimama. Upepo ukamletea sauti nyembamba kama ya mvua inapoanza kwenye bati, na hakuitambua mpaka ilipokwisha. Walikuwa wamepiga makofi.

Alirudi kazini. Nani angemlaumu? Chumba kilikuwa cha hoteli, taa ya hoteli, uji wa mtoto wa hoteli. Mama Mapacha alimwosha miguu kwa maji ya moto bila kusema neno, na kwa mwanamke yule kunyamaza ndiyo ilikuwa rambirambi kubwa kuliko zote.

Ijumaa Meneja alikuja nyuma ya kamba za nguo, mikono mgongoni.

"Pole tena, dada. Pole sana kwa mama." Akaisogeza shuka iliyomziba uso. "Kuna kitu nataka kukuuliza, na ukikataa nitaelewa. Wageni wameipenda mno ile sauti. Wanasema hawajawahi kusikia kitu kama kile. Wanauliza kama itakuwepo kesho."

Tarumbeta alivitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja, akavipanga kwenye kamba.

"Sauti ile maana yake mtu amekufa, bosi," alisema, kwa ile sauti ya chini waliyomfundisha wao. "Kama inatakiwa kesho, itafutwe maiti ya kesho."

Meneja alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaacha kucheka. Watu wa mlimani wana utani mgumu, alikuwa ameshazoea. Alisema watazungumza vizuri siku nyingine, akaondoka kwa raba zake bila kusikika.

Jumamosi nyekundu zilitoka kama kawaida. Kwa mama yake pia ilitoka ya kung'aa, mke wa Mwenye Punda ameitundika, maana mche wa sabuni ni mche wa sabuni. Na pembeni yake lilikuwepo blanketi, hakuna aliyeliondoa. Lilikuwa linaita vilevile.

Mtoto aliliona. Akaegemea sikio la mama yake na kunong'ona.

"Sema kwa nguvu," Tarumbeta alimwambia.

Mtoto alimtazama asielewe.

"Kwa nguvu, mwanangu. Huko ni mbali."

Mtoto akavuta pumzi, mabega yakapanda, akajaribu. Kilichotoka kilikuwa kilekile, hewa tupu yenye umbo la neno bibi. Hata Mama Mapacha kwenye pasi hakukisikia.